Bi Mkubwa na Mwizi wa Mtwapa

Mimi nalishwa na watu wa mbao. Nawachonga kwa mti wa mwembe, nawavisha vipande vya leso, nawafunga kwa mshipi mwembamba wa kuvulia samaki ili mtazamaji asiuone. Mrefu wao hafiki shibiri mbili. Huyo ndiye Bi Mkubwa: nywele za katani, kidole kimenyooka tayari kukaripia.

Siku hiyo nilikuwa Mtwapa nikingoja matatu ya Malindi. Nainama kuchagua mahamri, nageuka, begi lenye vikaragosi vyangu laenda zake mgongoni mwa kijana mwembamba. "Mwizi!" Neno hilo stejini ukishalitoa hulirudishi. Watu wakaanza kuokota mawe.

Angekimbia tu, ningempoteza. Tamaa ikamtuma aingize mkono begini huku mbio, apapase kama kuna simu. Mshipi ukamnasa vidole. Alipouchomoa mkono, Bi Mkubwa huyo naye, ananing'inia, miguu yampiga mapajani. Kijana akakung'uta mkono. Sasa, kikaragosi cha mshipi ukikikung'uta ndiyo wakichezesha! Bi Mkubwa akainua kidole. Akatikisa kichwa. Kijana akakung'uta kwa nguvu zaidi, bibi akamrukia usoni, na mimi, Mungu anisamehe, nikasimama kutazama, kwa maana mwendo ule wa mabega nimeutafuta miaka nisiupate.

"Nitoeni! Chaniuma hiki!"

Wenye mawe wakayaangusha, wakarudi nyuma. Akajitokeza mzee mmoja na bakora yake, akachungulia begi, akanigeukia mimi.

"Vigango hivi umevitoa wapi?"

Jasho likanitoka. Kigango kwa Wagiriama si pambo: husimamishiwa mzee wa chama cha Gohu aliyefariki, na roho yake yahesabiwa ipo pale. Vingi viliibwa vikauzwa ng'ambo. Mwaka 2007 viwili vilirudishwa kutoka makumbusho ya Marekani, vikapokewa kwa heshima. Kuliko kushukiwa jambo hilo, ni afadhali kushukiwa kuiba ng'ombe.

Mwizi naye akaona mlango. "Mimi nilikuwa navirudisha, mzee!"

"Mzee wangu," nikajitetea, "kigango ni ubao mrefu, wima, hakina mikono wala magoti. Hawa wana magoti, tazama."

Mzee akainama, akatazama goti la Bi Mkubwa kwa makini.

"Basi hivi ni vitoto vyake."

Umati ukaguna kukubali. Pakawa hapana njia ila kuwaonyesha. Nikamkata kijana mshipi, nikaunga upya, nikapanda juu ya kreti la soda nikacheza. Bi Mkubwa akamshukia makanga kwa kupandisha nauli kila wingu likitanda, na hapo hata waliokuwa na mawe wakashika mbavu. Kofia aliipitisha mwizi mwenyewe, akanikabidhi mkono ukiwa umenyooshwa mbali. Hakugusa hata shilingi. Bi Mkubwa alikuwa akimtazama.

Mzee akatia vidole kofiani, akatwaa noti ya mia mbili.

"Za kuwatuliza koma, roho za wazee, mwanangu," akaniambia kwa upole.

Kisha akamgeukia makanga: "Kilifi, mmoja."