Mafao ya ulemavu Marekani: nani anaweza kurudi kazini?

Ili mtu apate mafao ya SSDI, yaani bima ya ulemavu ya Hifadhi ya Jamii nchini Marekani, lazima athibitishe kwamba hali yake imemzuia au itamzuia kufanya kazi ya maana kwa angalau miezi 12, au itamuua. Wengi hukataliwa mara ya kwanza, hukata rufaa, hungoja. Akishakubaliwa, serikali ileile iliyomtaka athibitishe kwamba hawezi humwambia kwamba akitaka anaweza kujaribu. Kila mara bajeti inapobana Washington, wanasiasa huuliza kwa nini wachache mno, chini ya mmoja kati ya 100 kwa mwaka, hutoka kwenye mafao kwa sababu ya kupata kazi.

Wanaoamini kwamba wengi wanaweza kurudi kazini wana ushahidi mzito. Mwaka 2013 wanauchumi Nicole Maestas, Kathleen Mullen na Alexander Strand walichunguza waombaji ambao kupata au kukosa kwao kulitegemea ukali wa ofisa aliyeshika faili. Waliona kwamba kama watu hao, walio mpakani mwa kukubaliwa na kukataliwa, wasingepewa mafao, 28 zaidi katika kila 100 wangekuwa kazini miaka miwili baadaye. Lakini soma utafiti wenyewe hadi mwisho: kwa wenye hali nafuu tofauti ilikaribia 50 katika kila 100, na kwa walioumia zaidi haikuwapo kabisa.

Upande wa pili nao una hesabu zake. Tangu mwaka 1989 mwanauchumi John Bound alionyesha kwamba hata waliokataliwa mafao, yaani wale ambao serikali iliwaona wazima kiasi cha kufanya kazi, chini ya nusu yao ndio waliokuwa kazini. Tena serikali ilifanya jaribio kubwa lililoitwa BOND: badala ya kumkata mtu mafao yote akivuka kikomo cha kipato, ikamkata dola 1 kwa kila dola 2 za ziada. Kwa wastani, mapato ya kazi ya waliojaribiwa hayakupanda kwa kiwango cha kuonekana. Maumivu ya mgongo, dawa zinazosinzisha na umri wa miaka 58 haviondolewi na fomula.

Wanaopata mafao huogopa kujaribu kazi, na mimi naona hofu yao ina msingi. Sheria, kwenye karatasi, ni ya huruma: miezi 9 ya majaribio bila kupunguziwa kitu, kisha miezi 36 ambayo mafao hulipwa kila mwezi ambao kipato hakikufika kikomo, bima ya afya ya serikali, Medicare, kuendelea kwa miaka kadhaa, na miaka 5 ya kuomba kurudishiwa mafao bila kuanza upya. Mwaka 2025 kikomo kilikuwa dola 1,620 kwa mwezi, na dola 2,700 kwa wasioona. Tatizo ni utekelezaji. Mtu anaripoti mshahara wake, ofisi inachelewa kuuingiza, mafao yanaendelea kuja, na baadaye inafika barua ya kumdai maelfu ya dola alizokwisha kulipia kodi ya nyumba. Machi 2024 mkuu wa Hifadhi ya Jamii, idara inayolipa mafao haya, wakati huo, Martin O'Malley, alishusha makato ya madeni hayo hadi asilimia 10 ya mafao. Mwaka uliofuata yakapandishwa tena hadi asilimia 50. Nani mwenye akili timamu atajaribu kazi ya siku tatu kwa wiki akijua hivyo?

Kwa hiyo kundi la mpakani lipo, na ni dhuluma kuliacha nyumbani ilhali linataka kazi. Ila kulisukuma kwa kukaza masharti kutawaumiza kwanza wale wasioweza kabisa, maana ofisa hana kipimo cha kuwatenganisha kwa uhakika. Bunge lianze na deni: aliyeripoti kipato chake kwa wakati asidaiwe hata senti kwa uzembe wa ofisi.