Gitaa lile halikuwapo tangu mwanzo

Eti The Twilight Zone, ule mfululizo wa televisheni wa Marekani wa hadithi za ajabu, ilijulikana kwa ile sauti ya gitaa ya noti nne tangu siku ya kwanza, na muziki wake ndio huo basi. Si kweli. Msimu wa kwanza, 1959, ulifunguliwa na muziki wa mtunzi Bernard Herrmann, wa polepole, mzito kama ukungu unaoingia ndani bila kubisha hodi. Gitaa la mtunzi Marius Constant lilikuja msimu wa pili, tena ni vipande viwili vifupi vya maktaba ya muziki ya CBS, kituo kilichorusha mfululizo huo, vilivyoungwa pamoja (vimeungana vizuri, sikatai). Lakini utamu wenyewe umo ndani ya vipindi. Chukua "Walking Distance": mtu mzima anarudi mji aliokulia na kukutana na nafsi yake mwenyewe ikiwa bado mtoto. Herrmann alitumia ala za nyuzi na kinubi, hakuna tarumbeta wala ngoma za kukushtua, na bado unabanwa kifua. Mimi hupiga fidla kwaya ya kanisani na kila nikikisikiliza naona tunavyoharakisha nyimbo zetu bila sababu. Mtunzi wa pili kwangu ni Jerry Goldsmith katika kipindi cha "The Invaders", 1961. Mama mmoja yuko peke yake shambani, hasemi neno hata moja, kwa hiyo ni muziki unaosema kwa niaba yake. Hapo sizimi taa! Nyie wengine, kuna aliyesikiliza muziki wa kipindi cha "Living Doll" usiku akapata usingizi?