Watoto Walikwenda Kumzika Bibi wa Moshi

Ujumbe uliingia kwenye kundi la familia saa tatu usiku, Jumatatu. Bibi alikuwa amefariki saa kumi jioni na mimi bado sijajua nikae au nisimame, lakini tayari kulikuwa na kamati, mweka hazina na namba ya kutuma michango. Silaumu hilo. Nawashukuru sana ndugu wanaoweza kupiga hesabu huku wanalia, maana bila wao hakuna msiba unaokwenda. Kilichonichoma ni mstari wa mwisho, chini ya bei ya jeneza na Kosta la kutoka Dar: "Tunaomba watoto wabaki ili kupunguza gharama na usumbufu."

Usumbufu. Niliusoma mara tatu. Wanaoitwa usumbufu ni watoto ambao bibi huyu aliwaogesha kwenye beseni kila Desemba, akawapaka mafuta ya mgando mpaka wakang'aa, akawafichia ndizi mbivu chini ya kitanda ili binamu zao wasizimalize. Wanangu wana mabibi wawili, wa Dar na wa Moshi. Huyu wa Moshi ni mama wa baba yangu, lakini kwao alikuwa Bibi wa Moshi basi, wala hakuna aliyewahi kuwaeleza kwamba ni bibi wa ngazi ya pili. Sasa amekufa, na wao ndio wabaki Dar na dada wa kazi wanaangalia katuni?

Sikujibu kwenye kundi. Nilimpigia baba, kwa sababu mwisho wa yote mfiwa ni yeye. Nikamuuliza, "Baba, watoto waje?" Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mama aliwapenda. Walete."

Lazima niseme kwa nini jambo hili linanigusa kiasi hiki. Mwaka 1993 nikiwa na miaka minane, babu alifariki. Wazazi waliondoka usiku, nikaachwa kwa jirani. Hakuna aliyeniambia kitu. Waliporudi, mama alikuwa amenyoa nywele na baba haongei, na nilipouliza babu hajambo nikaambiwa nikacheze. Desemba ile tulipokwenda nyumbani kama kawaida, nilikuta pale kwenye migomba, mahali babu alipokuwa akiweka kigoda chake jioni, kuna saruji na msalaba. Ndivyo nilivyopata habari. Nilisoma jina lake mwenyewe, herufi kwa herufi, maana ndiyo kwanza nilikuwa nimejua kusoma vizuri. Watu wazima waliokuwa nyuma yangu walikuwa wanazungumzia mbege, ile pombe ya ndizi.

Walidhani wamenikinga. Walichofanya ni kuniacha nikutane na kifo peke yangu, bila mtu wa kunishika mkono, miezi mitano baada ya wenzangu wote kumaliza kulia. Mpaka leo nikimkumbuka babu, kinachokuja kwanza ni ile saruji. Uso wake naupata baadaye, kwa kuutafuta.

Kwa hiyo tuliondoka. Jumatano, saa kumi na moja alfajiri, watu saba kwenye Noah: mume wangu kwenye usukani, baba pembeni yake, mama, shangazi, mimi, binti yangu wa miaka tisa na mdogo wake wa miaka sita. Tulipita njia ya Bagamoyo tukaibukia Msata kukwepa foleni za Chalinze. Kulikuwa na chapati kwenye hotipoti na chai kwenye chupa, na tenga la vitunguu na nyanya lililobanwa miguuni mwa shangazi, kwa sababu hakuna mtu anayekwenda msibani mikono mitupu hata kama amekwishatuma mchango.

Saa za mwanzo hakuna aliyesema neno. Tulivuka Wami, tukapita Mkata, Kabuku. Pale Segera mtoto mdogo aliuliza swali ambalo sisi wakubwa tulikuwa tumelizunguka tangu Jumatatu: "Bibi wa Moshi akishafukiwa, atapumuaje?"

Mama alitaka kumnyamazisha. Baba akageuka, akamwambia taratibu, "Hapumui tena, babu. Mtu akifa hapumui, hasikii baridi, hasikii njaa. Ndiyo maana tunaweza kumlaza ardhini bila kumuumiza." Mtoto akafikiri, akauliza kama goti la bibi bado linauma. Baba akasema hapana, goti limepona. Basi. Mtoto aliridhika akaomba chapati. Sijawahi kusikia mahubiri ya mazishi yaliyonituliza kama maneno yale machache.

Mombo tulisimama kula. Watoto walikuwa wamekaa kwenye gari zaidi ya saa tano, waliposhuka wakaanza kukimbizana na kucheka kwa sauti. Shangazi akawakemea: tunakwenda kuzika, nyamazeni. Nilimuelewa, mama yake ndiye aliyelala kwenye jokofu. Lakini nilimwambia, na hapa narudia: bibi hakupungukiwa na kitu kwa kicheko cha wajukuu. Mila zetu zenyewe zinajua hilo. Zinawaachia watani waje msibani, wawatanie wafiwa, waige hata mwendo wa marehemu mpaka mjane acheke huku machozi yanamtoka. Wazee waliotuachia utani hawakuwa watu wasiojua uchungu. Walijua kwamba mwili wa binadamu hauwezi kulia siku nne mfululizo.

Kutoka Mombo milima iko kulia kwenu, reli inakwenda nanyi, na pande nyingine ni mkonge tu mpaka uchoke. Tulipokaribia Same, baba alisema, "Hapa ndipo nilipomaliza ndizi." Hatukumwelewa. Ndipo akatusimulia jambo ambalo, miaka arobaini ninayomfahamu, sijawahi kulisikia.

Mwaka 1974 alipanda treni Moshi kwenda Dar kutafuta kazi, akiwa na miaka kumi na tisa. Bibi alitoka naye kijijini Mwika usiku kumsindikiza mpaka stesheni. Alimfungia ndizi za kuchoma kwenye jani la mgomba, akamwambia azile kidogo kidogo, zimfikishe Dar. Treni ilipoondoka bibi hakulia. Alivua kanga ya mabegani akaipunga, na aliendelea kuipunga mpaka reli ilipopinda. Baba alijiambia hatazigusa zile ndizi mpaka mbali. Alizimaliza Same. "Kwa sababu kila nilipokula," alisema, "nilikuwa kama bado niko naye." Kisha akaegemeza kichwa kwenye kioo, akalia.

Baba yangu ni mtu wa miaka inayokaribia sabini. Sikuwahi kumwona akilia, hata babu alipokufa, maana mimi sikuwapo. Alilia kwa sauti, mabega yanatikisika, na ndani ya gari hakuna aliyejua afanye nini. Mume wangu alipunguza mwendo akasimama kando ya barabara. Aliyejua la kufanya ni mtoto wa miaka sita. Alijipenyeza katikati ya viti, akamshika babu yake sikio, kama anavyoshikwa yeye akiumwa, akasema, "Pole babu. Pole kwa mama yako."

Hapo ndipo nilipojua kwamba mtoto ameelewa. Ameelewa kwamba Bibi wa Moshi alikuwa mama wa mtu, na kwamba babu mwenye ndevu nyeupe naye ni mtoto aliyefiwa. Sasa niambieni, somo hilo lingetoka wapi kama angebaki nyumbani Sinza, Dar? Kuna masomo ya shule, nayaheshimu. Nilimwandikia mwalimu wao mapema, nikaomba daftari za kunakili, na siku walizokosa wamezifidia. Lakini kijana wangu amemwona mwanaume mzima akimlilia mama yake bila aibu. Wako wanaume wengi walioelezwa tangu utotoni kwamba mwanaume halii, na leo hawajui wafanye nini na uchungu wao zaidi ya kuupeleka baa au kuwashushia wake zao. Mwanangu ana kitu kingine cha kukumbuka.

Ndiyo maana napenda barabara kwa safari hizi. Ndege ya kwenda KIA, uwanja wa Kilimanjaro, inachukua kama saa moja, na ninakubali kwamba aliye Uingereza au Mwanza, au aliyebanwa kweli, hana budi. Wapo pia wazee ambao migongo yao haiwezi. Lakini unayepanda asubuhi, ukazika mchana na kurudi jioni, umehudhuria mazishi tu. Kilomita zaidi ya 500 zinampa mfiwa muda wa kufika, na huwezi kusimulia ndizi za 1974 wakati mhudumu anapita na juisi.

Kuhusu kazini nitasema machache. Niliambiwa likizo ya msiba ni ya baba na mama. Si kweli. Kifungu cha 34 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinataja babu na bibi kwa jina, na siku ni angalau nne, zenye malipo. Kisomeni kabla hamjaambiwa vingine.

Tulifika jioni, mlima umejifunika. Mwili uliletwa kesho yake, ukalala nyumbani. Asubuhi ya Ijumaa, siku ya mazishi, kabla maturubai hayajajaa watu, ng'ombe wa bibi alianza kulia bandani. Alilia kwa namna ambayo ilimfanya kila mtu anyamaze. Katika pilikapilika za majiko na viti, hakuna aliyemkatia majani tangu jana yake mchana. Siku zote aliyemkatia ni bibi, kwa mkono wake, mpaka wiki aliyopelekwa hospitali.

Binti yangu na binamu yake wakasema watakwenda wao. Baba mdogo akachomoa mundu wa bibi kwenye paa la banda akawapa. Niliwafuata kando ya mfereji nikauona ule mundu kwa karibu. Chuma kimelika mpaka kimebaki chembamba kama mwezi wa siku mbili. Mpini wake una kibonde kidogo, laini kabisa, mahali kidole gumba kilipokaa miaka na miaka. Binti yangu aliweka kidole chake pale kikazama. Hakusema kitu. Alikata majani yake machache, yasiyolingana, akayafunga kwa kamba ya mgomba kama alivyoelekezwa, akajitwika kichwani mpaka bandani. Ng'ombe akala. Kwangu, ile ndiyo ilikuwa ibada ya kwanza ya siku ile.

Wakati wa kuaga sikumlazimisha mtoto yeyote, na hapa nakiri kwamba wanaowaogopea watoto wana hoja. Mtoto akikataa kuangalia, mwache. Na kama mwili umeharibika kwa ajali, usimsogeze kabisa. Mdogo alikataa, akabaki mgongoni kwa baba yake. Binti alitaka. Nilimshika mkono tukapanga foleni kama watu wengine, na tulipofika aliangalia kwa utulivu, kisha akaninong'oneza, "Wamemfunga kilemba chake cha kanisani." Nikamwambia ndiyo. "Kimekaa vizuri," akasema. Tukapita.

Bibi amelala kwenye kihamba, shamba la ukoo, ubavuni mwa babu, migomba imewazunguka. Watoto wote waliitwa na mchungaji kutupia udongo, wajukuu na vitukuu, mmoja mmoja. Yule mzee aliyepanda sale, mmea wetu wa mila, kichwani mwa kaburi alimpa kijana wangu amshikie mche mpaka shimo liwe tayari, na mtoto aliushika kwa mikono miwili, wima, bila kutikisika, kama vile ukianguka na bibi ataanguka.

Yule ndugu aliyeandika ule mstari kwenye kundi alikuwa pale pale. Jioni, tukiwa tunakula machalari, alinifuata jikoni akasema, "Dada, wanangu nimewaacha. Mkubwa amenipigia simu mara tatu leo, anauliza kama wameshamfukia." Sikuwa na la kumjibu. Nilimpakulia. Ninamwandikia sasa, na kila mwenye kuandaa bajeti ya msiba: wekeni viti vya watoto kwenye Kosta. Punguzeni maua. Acheni fulana zenye picha. Na Desemba, kaka, walete uwapeleke kaburini wewe mwenyewe, uwaeleze kwa mdomo wako. Wasije wakasoma kwenye saruji.

Tulirudi Jumapili. Watoto walilala tangu Himo, baba pia. Tulipoipita tu Same, mdogo aliamka mwenyewe, akaangalia nje, akaiona ile reli. Akamgusa babu yake begani.

"Babu, hapa ndipo ulipolia."

Baba alifungua macho, akaangalia dirishani muda mrefu.

"Ndiyo," akasema. "Ni hapa."