Majaji kukaa faragha na kujadiliana si hongo

Juzi baada ya isha tulikuwa maskani, Kibokoni hapa Mombasa, kahawa ishazunguka, mazungumzo yakaingia kesi moja ya shamba ambayo Mahakama ya Rufaa ilikuwa imeiamua. Ami mmoja ninayemheshimu sana akasema, "Wale majaji walikaa wakapangana, nasikia yule mmoja mwanzo alikuwa na sisi, baadaye akageuzwa." Watu wakaitikia wote, kesi ikaisha hapo hapo. Hakuna aliyeuliza hukumu yenyewe imesema nini, na mpaka leo sidhani kama pale yuko aliyeisoma.

Iliniuma. Mimi nshafanya kazi ya ukarani kwa wakili hapa mjini, nimebeba rekodi za rufaa zilizofungwa vitabu vitabu, nimekaa na wateja wanaongoja tarehe ya hukumu, na kama kuna jambo naliamini kuhusu mahakama ni hili: majaji wa rufaa wakikaa wakajadiliana, wakabishana, hata mmoja akageuka, hio ndo kazi tunayowalipa waifanye.

Ndiyo, walikaa. Rufaa kwa kawaida inasikizwa na majaji watatu, mawakili wakimaliza kusema wale watatu wanatoka na mafaili yao, wanazungumza peke yao, mmoja anashika kalamu, rasimu inawazungukia wenzake. Wala hawaifichi. Chukua hukumu yoyote ya rufaa ya madai ambayo kila jaji ameandika ya kwake, utaona ya pili na ya tatu mara nyingi zinaanza vile vile, kwamba nimepata nafasi ya kuisoma rasimu ya hukumu ya mwenzangu jaji fulani na nakubaliana naye. Rasimu. Wamekwambia wenyewe kuwa karatasi ilizunguka kabla hujaisikia. Na kwa kesi za jinai kanuni zao zinataka itoke hukumu moja, ya mahakama nzima, sasa vichwa vitatu vitaandika kitu kimoja vipi bila kuzungumza?

Nirudi kwa hilo la kugeuka manake ndo lililonikosesha usingizi. Kuna hukumu zinakataa kuandikika. Kwenye mazungumzo jambo lilionekana jepesi, rufaa itupwe, wote wakakubali, aliyepewa kalamu akakaa chini akaandika mpaka akafika pale anapotakiwa aonyeshe ushahidi, akafungua rekodi kutafuta ukurasa, ukurasa haupo. Shahidi hakusema vile walivyokumbuka wote watatu. Au ile kesi ya zamani waliyoitegemea, akiisoma mpaka mwisho anakuta ilihusu kitu chengine kabisa. Afanye nini? Kwa hesabu za maskani yetu aendelee tu, manake alishasema na akigeuka kanunuliwa. Mimi nasema jaji anayefika hapo akawarudia wenzake akawaambia jamani hii haiendi, huyo ndo jaji wa kuombea dua atuzidishie wengi kama yeye. Kwa mdomo unaweza kuruka shimo bila kuliona lakini ukiandika lazima uweke mguu kila hatua, na ndo sababu sheria inataka sababu za uamuzi ziandikwe, haitoshi kutangaza nani kashinda.

Na mara nyengine anayemgeuza ni mwenzake. Jaji wa tatu amekataa, ameandika rasimu ya kupinga, ikiwafikia wale wawili mmoja akiisoma anaona wallahi huyu ameshika palipo na nguvu kuliko sisi. Marekani imewahi kutokea rasimu iliyoanza kama ya kupinga ikamaliza ndiyo hukumu yenyewe. Kama kila mmoja ataingia na fikra zake na atoke nazo vile vile alivyoingia nazo, watatu wa nini, si tungebaki na mmoja.

Tena kuna kupunguza. Jaji wa pili anasema natia sahihi lakini ile aya itoe, inaamua jambo ambalo hakuna aliyetuuliza. Aya inatoka, au inabaki imelegezwa mpaka haishiki huku wala huku. Mawakili wanaozichambua hukumu wanazijua aya hizo, unaisoma mara tatu huoni inaelekea wapi, na mara nyingi hapo ndipo watu walipopatana.

Mfano mkubwa wa kupatana ni ile kesi ya shule za Wamarekani weusi, Brown, iliyoamuliwa tarehe 17 Mei 1954. Swali lilikuwa kama katiba inaruhusu watoto watengwe shuleni kwa rangi. Mara ya kwanza kusikizwa ilikuwa Desemba 1952 na majaji tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani hawakuelewana, ikapangwa isikizwe tena, kabla haijasikizwa jaji mkuu Vinson akafariki, akaja Earl Warren. Warren hakuharakisha kura. Alizungumza nao, mmoja mmoja, wa mwisho kukubali akiwa Stanley Reed, akaandika hukumu fupi ambayo mtu wa kawaida angeweza kuisoma, ikatoka tisa kwa sufuri, kwamba hairuhusu. Wakili aliyesimama mbele yao, Thurgood Marshall, ambaye baadaye mwenyewe alikuwa jaji wa mahakama ile, ndiye aliyekwenda London 1960 kwenye mkutano wa katiba wa Lancaster House kuwashauri wajumbe Waafrika wa Kenya, akatuandikia rasimu ya haki za raia, kwa hivyo kesi hii haiko mbali na sisi kama watu wanavyodhani. Lakini kupatana kulikuwa na gharama na gharama ile walilipa watoto. Mwaka uliofuata, 1955, mahakama ile ile ilipoamua shule ziunganishwe vipi, wakakubaliana maneno ya kwamba ifanywe kwa haraka iliyopimwa. Majimbo ya kusini yakashika kule kupima, haraka wakaiacha, miaka ikaenda. Kwa hivyo sisemi kila maafikiano ni mazuri. Nasema tuyasome yalivyoandikwa, tuyakosoe yalipopotea, badala ya kuanza na bahasha.

Na wasipotafuta sauti moja inakuwaje? Tuliona BBI, ule mpango wa kubadilisha katiba ya Kenya. Agosti 2021 majaji saba wa rufaa kila mmoja aliandika yake, usomaji ukaenda mchana kutwa mpaka jioni. Machi 2022 Mahakama ya Juu nayo ikawa saba, kila mmoja na yake. Maagizo ya mwisho yalijumlishwa, sawa, lakini ukitaka kujua sababu ya mahakama kwa swali moja tu inabidi uchukue karatasi uhesabu nani alisema nini, na sababu zao hazifanani hata pale jibu limefanana. Mwananchi atafanya hesabu hio saa ngapi?

Sasa nakubali, shingo upande. Shaka ya ami haikutoka hewani. 2003 ripoti ya Jaji Ringera kuhusu ufisadi mahakamani ilipotoka, majaji 5 kati ya 9 wa Mahakama ya Rufaa walitajwa, na 18 kati ya 36 wa Mahakama Kuu. Mtu aliyeyaona yale huwezi kumlazimisha aamini kila mlango uliofungwa. Ukiongeza kucheleweshwa, ndo basi. Watu wa Owino Uhuru kule Jomvu, waliotiwa sumu ya risasi na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, walipewa shilingi bilioni 1.3 na mahakama hapa Mombasa Julai 2020, Juni 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua ile tuzo ikarudisha suala la fidia chini, Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha bilioni 1.3. Mama anayeuguza mtoto akiona pesa inatolewa, inaondolewa, inarudishwa, na yote yameandikwa Kiingereza cha kurasa nyingi, atajuaje kilichobadilika ni hoja? Hapo mahakama imetukosea, wallahi. Kila hukumu kubwa ingetoka na kurasa mbili za Kiswahili, sababu zikiwa wazi, na maneno ya maskani yangepungua.

Mlango wenyewe lakini uacheni ufungwe. Jaji akijua kila anachowaza kitakuwa mitandaoni jioni hatawaza kwa sauti, atashikilia neno lake la kwanza kwa kuogopa aibu, na hapo anayeumia ni mwenye kesi. Rasimu ya Marekani ya kesi ya uavyaji mimba ilivuja Mei 2022 na uamuzi ukatoka Juni, na katikati yake jaji aliyetaka kusogea hata kidogo angesogea vipi nchi nzima ikimtazama? Tunachotakiwa kudai ni kalamu. Anayepinga aandike, atie jina. Septemba 2017 Mahakama yetu ya Juu ilipofuta uchaguzi wa rais, wanne kwa wawili, Jaji Ojwang na Jaji Njoki Ndung'u waliandika kwa kirefu kwa nini wenzao wamekosea, na hata wewe uliyefurahi siku ile unaweza kuzisoma ukapima. Na rasimu zihifadhiwe, zifunguliwe baada ya miaka, kama makaratasi ya Marshall yalivyofunguliwa 1993 alipofariki. Wajukuu wetu wajue nani aligeuka na kwa hoja gani.

Ami nshampigia simu. Nimemwambia kama kuna mtu ana ushahidi wa pesa aupeleke Tume ya Huduma za Mahakama, ndo kazi yao, na nitamsindikiza. Kama hakuna, Ijumaa baada ya swala naenda kwake na ile hukumu imeprintiwa, tuisome pamoja, tuanze na ile ya jaji aliyegeuka.