Saa ya kugeuka na kurudi ipangwe kabla hujatoka kwenda mlimani

Kiukweli kinachonikera kwenye stori za kutembea milimani kutwa nzima ni watu kuulizana kilomita tu. Kilomita 16? Ah, hizo chache. Jamani, kilomita 16 za barabarani na zile za mzunguko wa Fairfield kule Lake District, Uingereza, wapi na wapi! Unaanzia Ambleside, unapanda kilele hiki unashuka kidogo unapanda kingine, mpaka Fairfield yenyewe mita 873, halafu unateremka upande wa pili kuelekea Rydal, na ukijumlisha kupanda kote unapata kama mita 1,000.

Kuna kanuni ya zamani ya Mskochi mmoja, William Naismith, aliitoa 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, halafu ongeza saa nzima kwa kila mita 600 unazopanda. Piga hesabu, inakuja kama saa tano, na hapo hujakaa kunywa chai, hujavaa koti la mvua ukalivua ukalivaa tena. Desemba kule jua linazama kabla ya saa kumi jioni, sasa wewe unayeanza saa tano asubuhi unategemea nini?

Hali ya hewa nayo haina urafiki na mtu. Upepo wenye unyevu unatoka Atlantiki, unakutana na milima, unapanda, unapoa, unamwaga maji, ndo maana mvua za huko hazina ratiba. Utabiri wa mjini haukusaidii, soma wa milimani. Majira ya baridi kuna watu kabisa kazi yao ni kupanda Helvellyn, mlima wa huko huko, kila siku kupima upepo na theluji halafu wanatoa ripoti.

Kileleni Fairfield ni uwanja mpana wa mawe, kuna marundo ya mawe kadhaa, wingu likishuka yote yanafanana, na upande wa kaskazini ni magenge matupu. Nimewahi kuwa pale ziwa linaonekana vizuri kule chini, mara ukungu huo, mwenzangu hatua chache mbele nikawa namuona kivuli tu, glavu zimelowa chapachapa, vidole vimekufa ganzi hata zipu ya begi haishikiki. Muda huo sio wa kuanza mjadala. Mtu akishalowa na kuchoka anajiambia "bado kidogo tu" hata kama hajui alipo. Ndo maana nasema saa ya kugeuka ipangwe mezani, mkiwa wakavu, ramani imetandazwa: saa saba ikitukuta hatujafika Hart Crag, kile kilele cha kabla ya Fairfield, tunarudi, basi, hakuna kubembelezana.

Simu ni nzuri ila baridi inakula betri na skrini yenye maji haisikii kidole, kwa hiyo ramani ya karatasi na dira vinatoka na wewe, na uwe unajua kuvitumia. Beba tochi ya kichwani, na filimbi: ukihitaji msaada puliza mara sita ndani ya dakika, pumzika dakika, rudia.

Halafu wanaokuja kukutafuta usiku ni watu wa kujitolea, hawalipwi, wameacha familia zao nyumbani. Mtu akirudi nusu ya njia msimcheke bana, kawapunguzia hao kazi. Mimi mtu asiyetaka kukubaliana saa ya kugeuka siendi naye, hata kama ana miguu ya chuma.