Matoke hayahitaji nyuki, kahawa inahitaji

Semina za wakulima zina usemi mmoja usiokosekana: nyuki wakiisha, tutakufa njaa. Kwa Uganda usemi huo hausimami, na sisi tunaowatetea nyuki ndio tungekuwa wa kwanza kuuacha. Ndizi ya matoke hujaa bila chavua kuigusa. Muhogo hupandwa kwa vijiti na viazi vitamu kwa marando, mahindi huchavushwa na upepo, maharage na karanga hujichavusha yenyewe kwa sehemu kubwa. Mananasi ya Luweero ndiyo kabisa: nanasi likipata chavua ya aina nyingine hutoa mbegu, na mbegu kwenye nanasi hakuna anayezitaka. Nyumba nyingi zinaweza kupika mwaka mzima bila kuwa na deni kwa nyuki yeyote.

Ada ya shule, inayolipwa na kahawa, ni habari nyingine. Katika msimu wa 2023/24 Uganda iliuza nje zaidi ya magunia milioni 6 ya kahawa, kila gunia kilo 60, na kupata zaidi ya dola bilioni 1. Takriban asilimia 80 ya kahawa yetu ni robusta, na robusta ina tabia ambayo arabika ya Mlima Elgon haina: ua lake hukataa chavua ya mti wake wenyewe. Lazima chavua itoke mti mwingine, tena wa uzao tofauti. Upepo hubeba sehemu yake, na hapa wanaopuuza nyuki wana hoja, kwani chavua ya robusta ni nyepesi na hupeperuka. Lakini maua hayo hayana subira. Mvua ikinyesha baada ya kiangazi, wiki moja hivi baadaye shamba zima linageuka jeupe na kunukia kama asumini, na siku mbili tatu baadaye maua yamenyauka. Siku hizo zikiwa za manyunyu na hewa imetulia, upepo haukusaidii kitu.

Nani basi anakuja kwenye maua hayo? Wengi hufikiria nyuki wa asali. Mtafiti Théodore Munyuli, aliyefanya kazi kwa miaka katika mashamba ya Uganda ya kati, alikuta mambo mengine. Mashamba hayo yalikuwa na spishi zaidi ya 600 za nyuki, na kwenye kahawa aliyeongoza kwa kutembelea maua alikuwa Hypotrigona gribodoi, nyuki asiyeuma, mdogo hata ukamdhania mbu. Kadiri shamba lilivyokuwa mbali na msitu au vichaka, ndivyo maua yaliyoshika matunda yalivyopungua.

Ukitaka kumwona mdudu huyu, usiende msituni. Nenda kwenye jiko la zamani la udongo. Ukutani, karibu na dari, utaona kibomba chembamba cha nta, na mdomoni mwake walinzi wamejipanga vichwa nje. Ndani ya ukuta kuna kundi zima. Huishi pia kwenye matundu ya miti mikongwe, ikiwemo mituba, ile miti ya nguo za magome. Tukipiga plasta ya saruji na kukata mituba ili kupata kuni, tunamfukuza bila hata kujua kwamba alikuwepo. Naye haruki mbali, mita mia chache tu, kwa hiyo kuwa na msitu wa Mabira upande wa pili wa wilaya hakumsaidii mwenye shamba.

Jibu lililozoeleka kwa haya yote ni mizinga. Mradi unakuja, unagawa mizinga ya kisasa, picha zinapigwa. Sina ugomvi na asali. Ni kipato, hasa West Nile, kaskazini-magharibi mwa nchi. Ila mzinga si dawa ya uchavushaji kwa kila zao. Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha uchambuzi wa mifumo 41 ya mazao kutoka mabara mbalimbali: wadudu wa porini waliongeza matunda hata pale nyuki wa asali walipokuwa wengi. Kwenye nyanya na biringanya sababu inaonekana kwa macho. Chavua yake imefungiwa ndani ya kifuko chenye tundu dogo nchani, na hutoka pale tu ua linapotikiswa. Nyuki seremala, yule mkubwa mweusi anayetoboa mbao za paa na kutukanwa kwa hilo, hulikumbatia ua na kuvuma mpaka chavua imwagike. Nyuki wa asali hajui kazi hiyo. Seremala huyohuyo ndiye anayetegemewa kwenye matunda ya pasheni, ambayo asipofika inabidi mtu apite akipaka chavua kwa kidole.

Kazi ya mkono tunaijua vizuri kupitia vanila. Nyuki wake wa asili walibaki Mexico, na tangu Edmond Albius, kijana mtumwa wa miaka 12 kisiwani Réunion, alipovumbua njia rahisi mwaka 1841, kila ua huchavushwa na mtu. Mukono na Bundibugyo watu huamka mapema na vijiti vyao, kwa sababu ua hufunguka asubuhi moja tu. Bei ya vanila inaweza kubeba gharama hiyo. Bei ya nyanya haiwezi.

Upande wa pili una hoja nzito kuliko tunavyopenda kukiri. Uchambuzi mwingine wa kimataifa, wa 2015, ulionyesha kuwa asilimia 2 tu ya spishi za nyuki wa porini hufanya karibu asilimia 80 ya ziara za nyuki hao kwenye mazao, na wengi wao ni nyuki wa kawaida wanaovumilia mashamba. Ukitetea msitu kwa hoja ya uchavushaji peke yake, mwekezaji wa miwa atakujibu kwamba nyuki unaowahitaji wako ukutani kwako. Nadhani atakuwa na haki. Watu walioandamana Kampala mwaka 2007 kupinga hekta kama 7,100 za Mabira kupewa kampuni ya sukari hawakuhitaji hoja ya nyuki, na hata sasa Mabira haiihitaji.

Kuna pia suala la palizi. Gugu la kishona-nguo hulisha nyuki miezi ambayo kahawa haina maua, lakini hunyonya shamba, na kulipalilia kwa jembe ni vibarua na pesa. Sumu ya magugu ni nafuu. Mwenye ekari mbili akiambiwa aache kona iote magugu kwa ajili ya wadudu, atauliza nani anamlipa, hasa kwa kuwa nyuki wa kona yake watakwenda kufanya kazi kwa jirani aliyefyeka kila kitu. Sijasikia jibu zuri la swali hilo. Ninachokubali ni mambo yasiyomgharimu: asipulizie sumu ya wadudu kahawa ikiwa na maua, aache mtuba mmoja wenye matundu, na kwenye kitalu asichukue kloni moja tu, yaani miche yote ya mti mmoja, kwa sababu ndiyo inayosifiwa, maana kloni moja shamba zima hakuna nyuki wala upepo utakaoisaidia.

Sera inayotusukuma sasa inatoka Ulaya, mnunuzi wetu mkubwa wa kahawa. Sheria yao ya ukataji miti inataka kila shamba lionyeshwe lilipo na kwamba halikutokana na msitu uliofyekwa baada ya Desemba 31, 2020. Msitu kwao ni kuanzia nusu hekta, na ardhi iliyo chini ya matumizi ya kilimo haihesabiwi. Kichaka cha robo ekari kati ya mashamba mawili ya kahawa, mtuba wa mpakani na ukuta wa udongo havimo kwenye ramani hizo. Mkulima anaweza kuvifyeka vyote leo na kesho karatasi zake zikapita bila swali.