Sufuria Haziruhusiwi

Kosa langu lilikuwa kufungua mdomo kwenye chai ya Jumatano.

Cromer ni mji mdogo wa pwani huko Norfolk, mashariki mwa Uingereza, na mambo yake yote yanazaliwa kwenye chai. Nje ya ukumbi kuna ubao wa matangazo: paka amepotea, kwaya inatafuta sauti nzito, mnada wa nguo kuukuu Jumamosi, biskuti ziletwe na mwenye uwezo. Mimi ni mtu wa Tanga, nafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya kutunza wazee, na asubuhi nikitoka zamu napitia ukumbini kupata kikombe kabla ya kulala. Kazi yangu pale ni kutikisa kichwa tu.

Jumatano hiyo mwenyekiti, bibi mmoja mwembamba mwenye miwani shingoni, alisema mashindano ya watoto ya kuvua kaa yamebaki wiki mbili na mzee anayesimamia mizani ametoka kufanyiwa upasuaji wa goti. Wakaanza kubishana saa ya kuanza. Mmoja akataka saa nane mchana ili watu wapate chakula kwanza. Hapo ndipo usingizi na kiherehere viliponishinda.

"Saa nane maji yatakuwa yanakupwa," nikasema. "Siku hiyo mwezi ni nusu, maji mafu, yatajaa adhuhuri. Anzeni saa nne. Kaa hutembea kutafuta chakula maji yakijaa. Yakikupwa wanajichimbia. Kwetu hata mtoto anajua."

Ukumbi ukanyamaza. Mtu akafungua kitabu cha majira ya maji kinachouzwa pale mjini, akapitisha kidole, akasema ni kweli. Mwenyekiti akavaa miwani, akanitazama kama anayeniona kwa mara ya kwanza. Kwenye kamati za Waingereza, anayejua jambo ndiye aliyejitolea. Kabla chai haijapoa nilikuwa nimekabidhiwa kizibao cha kumeremeta, mizani ya jikoni ya betri, filimbi, na karatasi mbili za kanuni.

Karatasi ya kwanza niliisoma. Ya pili niliweka biskuti juu yake.

Tuelewane kwanza kuhusu kaa wenyewe, maana hapa ndipo nilipopotea. Kaa wa Cromer anayesifiwa Uingereza nzima ni yule wa rangi ya kahawia iliyoiva, mpana, ukingo wa gamba lake umebanwa-banwa kama sambusa. Huyo anavuliwa kwa madema huko nje kwenye miamba ya chaki, na hata wavuvi hawaruhusiwi kumleta nchi kavu akiwa na upana wa chini ya milimita 115. Anayeng'ang'ania kamba za watoto kwenye gati ni kaa mwingine kabisa, wa kijani, anayeanzia ukubwa wa kiberiti na kuishia kwenye kisosi. Mimi nimelelewa na kaa wa mikoko wa Sahare, kwetu Tanga, wale ambao gando moja linamaliza sahani ya wali. Nilipowaona hawa wa kijani nikajiambia ni wadogo, ndiyo, lakini thelathini watatoa supu.

Nikaenda nyumbani nikamwambia mke wangu ayeyushe nazi zote mbili zilizokuwa kwenye friza. Nikapiga simu Norwich, nikawaalika ndugu wawili wa Tanga waje kula kaa wa nazi Jumamosi jioni. Sikuona haja ya kumuuliza mtu yeyote. Mashindano ya kuvua, washindi wanapatikana, kaa wanabaki. Watafanyiwa nini tena?

Jumamosi nikaenda gatini na mizani, filimbi, na sufuria yetu namba kumi na nne yenye kifuniko.

Gati la Cromer lilifunguliwa mwaka 1901. Ni la mbao juu ya miguu ya chuma, urefu wa kama mita 150, na mbele lina ukumbi wa michezo ya jukwaani na kituo cha boti la uokoaji. Watoto walijipanga kwenye vyuma vya pembeni, ishirini na watatu, kila mmoja na ndoo yake na kamba ya mita kumi na tano. Ndoana ni marufuku. Zinaumiza kaa, na zikipotea zinanasa ndege. Chambo kinatiwa ndani ya kile kimfuko cha wavu kinachokuja na vidonge vya sabuni ya mashine ya kufulia, na ndani yake kijiwe kidogo kisaidie kuzamisha. Kaa anaingiza magando kwenye matundu, analafua, halafu anakataa kuachia. Uroho wake ndiyo ndoana.

Chambo cha wenyeji ni nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi, ile wanayokula na mayai asubuhi. Ya kwetu, mimi na binti yangu, ilikuwa ng'onda wa papa kutoka Tanga, aliyekuwa amefungwa mifuko mitatu na bado jirani wa juu alikuwa akituuliza kama bomba la choo limepasuka. Nilikata vipande viwili vya ukubwa wa kidole gumba. Kamba ikashuka, binti akahesabu mpaka hamsini, akavuta. Kaa watano kwa mpigo.

Akawapoteza watatu, kwa sababu alivuta kwa pupa. Kaa anaachia pale anapotoka majini na kuuhisi upepo, kwa hiyo unavuta taratibu, mkono baada ya mkono bila kusita wala kushtua, na mwenzako anakuwa ameshusha wavu wa duara chini yao kabla hawajatoka. Nilimwonyesha mara moja. Baada ya hapo hakupoteza hata mmoja, na mvulana wa jirani yake akaenda kushtaki kwamba yule msichana anatumia kitu kinachonuka.

Mwenyekiti akasogea, akavuta hewa, macho yakamlenga machozi. "Harufu," akasema kwa taabu, "haimo kwenye kanuni."

Mimi nilikuwa mezani kwangu, mfalme. Kila mtoto aliyeleta kaa wake wa kupimwa nilimwonyesha namna ya kumshika: kwa nyuma, kidole gumba juu, cha shahada chini, magando hayakufikii. Nikamgeuza tumbo watu waone: kikofia chembamba chenye ncha ni dume, kipana cha mviringo ni jike, na jike mwenye mayai anarudishwa hapo hapo. Bakuli juu ya mizani, bonyeza irudi sifuri, kaa ndani. Gramu 61. Gramu 78. Watu wakapiga picha. Mzee wa goti, aliyeletwa kwa kiti cha magurudumu kuangalia, akasema hajawahi kuona mizani ikiendeshwa kisomi namna hii.

Sasa, kanuni ya ndoo ni kaa kumi tu, maji ya bahari, na maji yanabadilishwa kila saa. Wakizidi wanamaliza hewa ya majini na wanakatana miguu. Hiyo niliisimamia kwa ukali kwa watoto wa wenzangu. Lakini kaa waliokwisha kupimwa nikawa nawatia kwenye beseni langu kubwa la plastiki, nililolificha kivulini chini ya meza ya chai, penye kitambaa cheupe kilichofika mpaka sakafuni. Kumi wakawa ishirini. Ishirini wakawa thelathini na mmoja. Nilikuwa nahesabu supu.

Na kile kimfuko cha ng'onda cha akiba, ili kisininukie mkononi, nikakitundika kwenye ukingo wa beseni, wavu wake unaning'inia ndani na kamba yake inaning'inia nje.

Mvuvi yeyote akisoma hapa ameshashika kichwa. Ndoo tupu kaa haiwezi, plastiki inateleza. Mpe wavu wa kukanyagia na umempa ngazi.

Sikuwaona wakitoka kwa sababu nilikuwa kwenye kesi. Msichana mdogo, wa miaka mitano labda, alikuwa amemleta kaa wake akaomba nimwangalie vizuri kwa kuwa anaitwa Kevin. Akaiona sufuria.

"Hiyo ya nini?"

"Ya kupikia."

"Kupika nini?"

Ningeweza kusema viazi. Kichwa cha mtu aliyetoka zamu ya usiku hakina kasi hiyo. "Kwa nazi," nikasema, "ni watamu sana."

Kilio alichokipiga kilimfanya shakwe aangushe chipsi. Mama yake akaja. Mwenyekiti akaja. Kwa sauti ya upole ile wanayotumia kumwambia mtu nyumba yake inaungua, akaniuliza kama nilipata nafasi ya kusoma ukurasa wa pili, kanuni ya tisa. Akaisoma mwenyewe: kaa wote watarudishwa baharini wakiwa hai.

"Wote?"

"Wote. Hasa Kevin."

Nikawa bado natafuta pa kuficha uso wangu, bibi wa kumimina chai akasema, bila kupandisha sauti hata kidogo: "Nafikiri kuna kaa kwenye maziwa."

Alikuwepo. Mwingine alikuwa amepanda kitambaa mpaka kwenye keki ya jamu na krimu, magando juu, kama mhubiri. Nilipofunua kitambaa, beseni lilikuwa na maji na kaa wawili wavivu. Ishirini na tisa walikuwa wamefanya anachofanya kaa yeyote akijikuta nchi kavu kwenye mwanga: wametafuta giza na unyevu. Giza lilikuwa kwenye mikoba ya akina bibi. Unyevu ulikuwa kwenye viatu vya mchungaji, aliyevivua kupumzisha miguu, na ambaye sasa alikuwa amesimama juu ya kiti akimwita bosi wake kwa jina.

Nikaona hii ni dharura. Kwenye dharura mtu mwenye kizibao anapiga filimbi. Nikapiga, ndefu, kwa pumzi zote za kifua.

Kanuni ya kumi, iliyokuwa chini ya biskuti, inasema: filimbi moja ndefu, mashindano yamekwisha, kila mtoto abebe ndoo yake akimbilie meza ya chai.

Wakaja wote ishirini na watatu. Wa kwanza akamkanyaga kaa mwenye hasira, akaruka, ndoo ikamwagika. Wa pili akateleza kwenye maji ya wa kwanza. Baada ya hapo sikuweza tena kuhesabu. Sauti ya kaa mia na ushee wakitembea upande upande juu ya mbao kavu ni kama ya wanawake wengi wanaochagua mchele kwenye ungo kwa wakati mmoja. Shakwe wakashuka. Mzee wa goti akainua mguu wake mzima akaanza kucheka, na nasikia mpaka Jumatatu alikuwa anacheka.

Mji huu una sanamu ya Henry Blogg, nahodha wa boti la uokoaji, aliyetumikia miaka 53 na pamoja na wenzake wakaokoa watu 873 baharini. Kituo kilikuwa pale pale mbele ya macho yangu. Mimi sikuweza kuokoa hata maziwa.

Aliyetuokoa ni binti yangu. Aliondoa vikombe mezani, akang'oa kile kitambaa cheupe, akakitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya bahari, akakitandaza sakafuni kikiwa kinachuruzika, akawaambia watu wote wasimame kimya wasitembee. Baada ya dakika kama tatu kitambaa kikaanza kuvimba. Kaa walikuwa wanaingia chini wenyewe, mmoja mmoja, kama watu wanaokimbia mvua. Wakaja na taulo, na makoti ya mvua, yote yakaloweshwa. Ukinyanyua ukingo unawazoa kwa makundi.

"Umejifunza wapi?" nikamwuliza.

"Baba, si wewe ulisema wanapenda kujificha penye majimaji?"

Ndoo zilikuwa zimejaa, na chombo kikubwa kilichobaki kilikuwa kimoja tu. Mwenyekiti akakitazama, akanitazama, akatikisa kichwa kukubali. Kwa hiyo mbele ya umati wote wa gati nikateremka ngazi mpaka ufukweni, kizibao kinameremeta, sufuria namba kumi na nne kichwani imejaa kaa hai, nyuma yangu maandamano ya watoto wanaohakikisha. Msichana wa Kevin alitembea bega kwa bega na mimi, macho kwenye kifuniko.

Nilipoinama kuwamimina majini, taratibu, sufuria karibu na maji wasianguke kwa kishindo, nikasikia Kiswahili juu yangu. Ndugu zangu wa Norwich walikuwa wamewahi treni ya mchana. Walisimama na mfuko wa ndimu.

"Kaka," mmoja akasema, "mbona unamwaga kitoweo?"

Jioni ile tulikula maharage ya nazi. Ndimu tulitia kwenye chai. Mke wangu hakusema kitu mpaka wageni walipoondoka, kisha akasema vya kutosha.

Jumatano iliyofuata nilipita ukumbi kwa kona, lakini ubao wa matangazo niliusoma. Muhtasari wa kamati ulikuwa chini ya paka aliyepotea: mshindi gramu 94, mvulana aliyeshtaki harufu, tuzo ya pekee kwa msichana wa kitambaa, kaa wote wamerudi baharini isipokuwa mmoja, aliyepatikana Jumapili kwenye mkoba wa mweka hazina wakati wa sadaka, akiwa na afya njema. Msimamizi wa mizani mwakani ni yule yule. Filimbi itakaa kwa mwenyekiti. Na kwenye karatasi mpya ya kanuni, safari hii upande mmoja tu, wameongeza ya kumi na moja, kwa herufi nene: sufuria haziruhusiwi.